Mlinzi wa Viatu

Kwa miaka kumi na miwili sikupitwa na adhana ya alfajiri hata siku moja. Nikisema hivi mbele ya wazee wa msikitini, hutikisa vichwa kwa heshima mpaka wasikie yanayofuata. Nikisema mbele ya wenzangu wa kliniki, hucheka papo hapo, maana nao hawakupitwa.

Mtu wa unga, yaani heroini, hahitaji saa ya kumwamsha. Kete ya mwisho ukiivuta saa mbili usiku, saa kumi mwili umeshaanza kudai deni lake: miayo isiyo na usingizi, machozi yasiyo na msiba, makamasi, vinyweleo vimesimama kama vya kuku aliyenyonyolewa, na mifupa inauma kwa ndani kabisa, pale ambapo mkono haufiki kukanda. Ngamiani, kwetu Tanga, ina misikiti mingi. Anaanza mmoja, anadakia wa pili, wa tatu, mpaka barabara zote zile zenye namba badala ya majina zinaita kwa pamoja. Muadhini akifika pale anaposema swala ni bora kuliko usingizi, mimi nimejikunja kwenye baraza la nyumba ya watu, kamasi linanitiririka. Usingizi sina. Swala sina.

Halafu naondoka kwenda kazini. Kazi yangu ilikuwa viatu.

Faradhi ya alfajiri ni rakaa mbili tu, lakini imamu akiamua kusoma sura ndefu, unapata muda wa kuchagua kama uko dukani. Nilikuwa nawajua maimamu wa Ngamiani kwa urefu wa kisomo chao. Wa sura fupi niliwakwepa. Makubadhi ya ngozi, raba za vijana, viatu vya wazee vilivyotengenezwa upya mara tatu, vyote vilikuwa na mnunuzi. Alfajiri moja mwaka 2017 nilitoka kwenye viatu nikapanda cheo, nikachukua baiskeli. Mgeni anayefika Tanga huona baiskeli kabla hajaona bahari. Mji ni tambarare, na kila mtu kuanzia mwanafunzi hadi bibi harusi ameshabebwa kwenye keria. Hii ilikuwa ya muuza samaki, na beseni lake lilikuwa limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Alikuwa anapita kuswali, kisha ateremke Deep Sea kuwahi ngalawa. Beseni nililiacha ukutani, nadhani kwa kujiona nina huruma. Saa mbili asubuhi baiskeli ilikuwa Pongwe kwa mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimelala.

Nawaeleza haya mapema ili msije mkadhani nilianza na Mungu.

Nilianzaje kuvuta? Watu hupenda sehemu hiyo, mimi siipendi. Nilikuwa utingo wa lori la machungwa ya Muheza, mwaka 2009, nina miaka ishirini na miwili, rafiki akanipa kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga. Sikulazimishwa. Sikuwa na msiba, wala baba hakuwa akinipiga. Ilikuwa tamu, na mchovya asali hachovyi mara moja. Basi.

Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ndiyo yenye maelezo. Bibi yangu mzaa mama alifanya kazi shamba la mkonge, akatusimulia kuhusu korona (korona ya mkonge, si ile ya barakoa). Jani nene, la kijani, lenye maji, linaingia upande huu, linapondwa, linakwanguliwa, na upande wa pili unatoka uzi mweupe. Kila kilo mia za majani zinatoa kama kilo nne za nyuzi, zilizobaki ni maji na uchafu. Siku ya pili na ya tatu bila unga ndivyo unavyokuwa. Kila kitu ulichodhani ni wewe, aibu, mapenzi kwa mama, jina la ukoo, kinakwanguliwa, na kinachotoka upande wa pili ni uzi mmoja tu unaosema: tafuta.

Mama alikuwa akiomba. Alisoma Yasini, alifunga Jumatatu na Alhamisi, akanipeleka kwa mtu Mabokweni nikanyweshwa kombe na kufukizwa mafusho. Mwaka 2015 mjomba akauza mbuzi wawili wakanivusha Unguja kwenye soba, nyumba ya kuachia unga. Pale nilifundishwa hatua kumi na mbili, kitu kilichoanzia Marekani kwa walevi wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935 wakagundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake wote wawili wanapitisha siku bila kunywa. Tulikaa duara tumevaa kanzu na kofia za viua, tunasoma maneno ya watu wa Ohio kwa Kiswahili cha Unguja: tumekiri kwamba hatuna uwezo, tumeamini kwamba iko nguvu kubwa kuliko sisi. Sisi ile nguvu tulikuwa tunaijua jina. Nilikaa miezi minne, nikanenepa, nikarudi na boti. Nilivuta siku ya tatu tangu nifike. Mji wangu una msemo, waja leo waondoka leo, na husemwa kwa mahaba kumsifia Tanga kwamba mgeni akionja haondoki. Mtaani kwangu waliugeuza, wakawa wanautumia kwa toba yangu: imekuja leo, inaondoka leo.

Kuna jambo moja nililoliamini miaka yote hiyo, na naliona bado kwa vijana wanaokuja kliniki. Niliamini kwamba Mungu akimtaka mtu humwita kwa kishindo. Nilikuwa nimeshasikia shuhuda redioni: aliota mzee mwenye nguo nyeupe, alisikia jina lake usiku, alianguka akaamka hana hamu tena. Nilisubiri yangu. Nikiwa nimekaa kwenye mtaro nyuma ya soko la Mgandini, nimebonyea, nilikuwa nasema moyoni, akiniita nitakwenda. Nasema hivyo huku adhana inapita juu ya kichwa changu mara tano kwa siku, kwa kipaza sauti.

Aliyenionyesha ujinga huo alikuwa mzee mmoja muadhini, na hakuwa na nia ya kunifundisha. Alitoka msikitini mapema, nadhani alitaka kutema mate, akanikuta nimeshika makubadhi.

"Hayo yangu," akasema. "Na hilo la kushoto limekatika kidole. Hupati hata mia tano."

Nilitakiwa kukimbia. Miguu ikakataa, arosto ilikuwa imeshanishika.

"Shikamoo," nikasema. Mwizi kaamkia.

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia. Akamjua babu yangu. Tanga ndivyo ilivyo, huwezi kuiba kwa mtu asiyemjua babu yako. Akakaa kwenye kizingiti, akanitazama kwa muda.

"Adhana unaisikia?"

"Naisikia, mzee wangu."

"Kuna kipofu alimwendea Mtume, swalallahu alayhi wasallam, akamwambia sina wa kuniongoza, naomba nisali nyumbani. Akaruhusiwa. Alipogeuka kuondoka akaitwa, akaulizwa, adhana unaisikia? Akasema naisikia. Akaambiwa, basi itikia."

"Mimi ni mchafu, mzee. Siwezi kuingia humo hivi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Birika liko ndani, mwanangu. Umewahi kuona birika la udhu limejengwa barabarani, watu watawadhe huko ndipo waje?"

Ningependa kuandika kwamba niliingia. Sikuingia. Mzee alisimama akanyosha magoti, akarudi ndani kumalizia uradi wake, na mimi nikaondoka na makubadhi. Nilipata mia nne.

Lakini lile neno lilinikaa kama mwiba wa samaki. Birika liko ndani. Miaka yote nilikuwa nikijipangia safari ambayo haipo: kwanza niache unga, kisha ninenepe, kisha ninunue kanzu, kisha watu wasahau, halafu ndipo niende nikasimame mbele ya Mola wangu nikiwa wa kuangalika. Na kwa kuwa hatua ya kwanza ilinishinda, za mbele zilikuwa hazinihusu. Mzee aliigeuza foleni. Sikusikia sauti, sikuota. Kilichobadilika ni kwamba adhana ya adhuhuri ya siku ile, iliyopigwa kama zilivyopigwa elfu za kabla yake, nilijua inasema na mimi.

Niliingia baada ya wiki tatu, swala ya isha, safu ya mwisho, suruali imelowa magotini kwa udhu niliokuwa nimeusahau mpangilio. Mzee alinitazama miguuni, akaona niko peku, akasema tu, "Makubadhi yangu hukuyavaa basi?"

Kuitika hakukuniponya. Hapa ndipo shuhuda nyingi hunikera, maana zinaruka. Niliswali isha nikaenda kuvuta, nikaswali magharibi nikaenda kuvuta. Nilikuwa naswali kati ya kete na kete kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kuna Ijumaa moja mhutubu aliyealikwa, si wa msikiti wetu, aliwaita mateja takataka za jamii, na kwamba swala zao zinapigwa usoni mwao. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikatoka. Sikurudi siku kumi na mbili.

Mzee alinitumia mtoto. Ujumbe ulikuwa: viatu vya watu vinaibiwa, njoo uvilinde.

Nilidhani ananikejeli. Nilipofika, akanionyesha kigoda mlangoni. "Wewe unawajua wezi wote. Mwizi gani atakuja ukiwa umekaa hapo?" Ndivyo nilivyopata kazi ya kwanza ya halali tangu lori la machungwa. Malipo yalikuwa chai ya rangi na mkate wa kumimina kutoka kwa mama mmoja wa nyumba ya jirani, na ruhusa ya kuoga bafu la msikiti. Wenye viatu hawakufurahi. Mmoja alikuwa anaingia navyo ndani kwenye mfuko wa plastiki, anaviweka mbele yake kwenye sijda. Sikumlaumu. Inawezekana aliwahi kutembea peku kwa ajili yangu.

Dawa ilikuja mwaka 2021. Nchi yetu ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 pale Muhimbili, na huduma ilipofika kwetu Tanga nilichelewa kuiamini. Mwelimishaji rika, naye teja wa zamani niliyewahi kumdhulumu kete, alinifuata kigodani kwangu mara nne. Methadoni ni ya ukoo mmoja na unga, sitaki kuficha. Inakalia viti vile vile vya ubongo ambavyo heroini ilizoea kuvikalia, ila inakaa kwa adabu. Ikipimwa vizuri inadumu siku nzima, haikupandishi, haikuangushi, arosto haiji. Unainywa mbele ya nesi. Ukimeza anakwambia sema. Sema nini? Chochote, ili ajue hujaificha mdomoni ukaiuze. Mimi nasema alhamdulillah. Mwenzangu wa foleni, kijana wa upande wa Magila, Mkristo, anasema Bwana asifiwe. Yuko mmoja ambaye kila siku hutaja matokeo ya mpira.

Saa kumi za usiku zikawa zangu. Wiki ya tatu niliamka kwa adhana. Niliamshwa! Nililala chini nikiisikiliza na sikuamini kwamba hiki ndicho kitu ambacho watu huita kuamka.

Halafu nikaanza kuogopa. Aya naijua tangu madrasa, Surat An-Nisaa ya 43: enyi mlioamini, msiikaribie swala hali mmelewa, mpaka myajue mnayoyasema. Je, huyu anayemeza dawa ya ukoo wa unga kila asubuhi, swala yake inaswihi? Nilimpelekea swali imamu wetu, kijana kuliko mimi, msomi. Hakunijibu haraka.

"Ukishainywa, unajua unachosema?"

"Najua, shehe."

"Ukiwa kwenye swala unajua umefika rakaa ya ngapi?"

"Hapo shehe hata kabla ya dawa nilikuwa sijui."

Akacheka, kisha akaniambia jambo ambalo nimelishika zaidi ya yote niliyofundishwa Unguja na kliniki. Akasema, hiyo aya unayoiogopa, umewahi kujiuliza ilishuka ya ngapi? Pombe haikukatazwa kwa siku moja. Kwanza katika Al-Baqara watu waliambiwa kwamba ndani yake mna madhara makubwa na manufaa, na madhara yake yamezidi. Wako walioacha, wako walioendelea. Kisha ikaja hiyo ya An-Nisaa: msije nayo kwenye swala. Sasa hebu piga hesabu, swala ni tano, mchana wote umekatwakatwa vipande. Mnywaji anabaki na usiku baada ya isha na asubuhi baada ya alfajiri. Mwisho ndipo ikaja ya Al-Maida, jiepusheni nayo. Siku hiyo Anas bin Malik alikuwa akiwanywesha watu nyumbani, akaambiwa amwage, ikatiririka kwenye njia za Madina. Lakini waliomwaga siku hiyo walikuwa wameshafundishwa miaka kuivusha swala moja hadi nyingine bila kulewa. "Mola wako anajua mwili aliouumba," akasema. "Wewe uko kwenye tiba, dozi unapimiwa na daktari, akili yako ipo. Swali."

Sijui kama mashehe wote wangesema hivyo. Yeye alisema, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale.

Yule wa Magila yalimkuta mengine. Kanisani alikokwenda kuombewa, mhubiri mmoja alimwambia kuendelea na dawa ni kumwonyesha Mungu kwamba humwamini. Akaacha. Tulimsubiri kwenye foleni, siku ya nne nesi akaacha kutaja jina lake. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, ana kidonda cha sindano mkononi, na kabla ya hapo hakuwahi kujichoma. Dozi yake ikabidi ianzwe upya kutoka chini, kwa sababu mwili hupoteza uzoefu upesi, na kipimo alichokuwa akikimeza mwezi uliopita kingeweza kumzimisha pumzi. Niliwahi kumkasirikia sana mhubiri yule. Kisha nikakumbuka kombe nililonyweshwa Mabokweni, na yule mhutubu mgeni wa Ijumaa, nikaona msiba huu hauna dhehebu.

Mimi nami nilianguka, mwezi wa pili wa dawa. Nilikuwa nimelipwa vibarua vya kushusha mbao, elfu kumi na tano mkononi, na njia ya kurudi ilipita maskani ya mateja. Unga juu ya methadoni ni mchezo wa kaburi. Vyote viwili vinabana pumzi, na ukivipandanisha unalala usiamke. Niliamka, kwa fadhila tu. Niliporudi kwenye kigoda, mzee hakuuliza nilikuwa wapi. Alinipa fagio.

Baadaye, tukiwa tunakunja mikeka, akanisimulia yule mtu aliyeua watu tisini na tisa, akakamilisha mia, akaambiwa hama mji huu, nenda nchi fulani ukaabudu na wema. Akafia njiani. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania, ikaamriwa ipimwe ardhi, na alikutwa yuko karibu na mji wa wema kwa shubiri moja. Mzee akanyosha kiganja, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akakilaza sakafuni nikione. Mkono wa mzee yule ni mdogo.

Kuhama Tanga sikuweza, mama yuko hapa na dozi iko hapa. Nilihama njia. Kutoka kwangu kwenda kliniki njia fupi inapita maskani mbili. Sasa nazungukia relini, dakika ishirini zaidi kwa miguu. Miaka inakwenda na bado nazunguka.

Ramadhani ya kwanza ndiyo iliyoniumiza. Dozi inatolewa asubuhi, na kinachomezwa kinafunguza. Pwani yetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na watoto humwimbia. Imamu aliniambia niulize kama dozi yaweza kusogezwa usiku; nikauliza, ikawa haiwezekani. Basi wewe ni mgonjwa, akasema, na mgonjwa amesamehewa ndani ya aya hiyo hiyo iliyofaradhisha saumu; kwa siku ambazo huwezi kuzilipa, lisha masikini. Nilikuwa masikini mwenyewe. Mama akawa anapika uji wa pilipili manga sufuria kubwa kila jioni, tunaugawa mlangoni pa msikiti, mimi ndiye mchotaji, na mchana wote sigusi kitu zaidi ya ile dawa. Waliojua walijua. Wasiojua waliniita kobe, na siku nyingine nililia njiani nikitoka kliniki, mtu mzima, pembeni ya reli.

Limebaki la baiskeli.

Toba ina masharti yake: uache, ujute, uazimie usirudi. Hayo matatu ni baina yako na Mola wako. Kukiwa na haki ya mtu ndani yake linaongezeka la nne, nalo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi, kwamba haki irudi kwa mwenyewe. Watu wa Ohio nao wanalo, ni hatua yao ya tisa: wafidie uliowadhuru, ila pale ambapo kufidia kutawaumiza wao au wengine. Viatu sikuviweza, sikuwajua wenyewe. Navitolea sadaka kidogo kidogo. Lakini muuza samaki nilikuwa namwona kila alfajiri. Alikuwa akija kwa miguu, beseni kichwani.

Nilikaa miezi minane nikilinda makubadhi yake na sijamwambia. Siku niliyomwambia alikuwa anavaa. Hakunyanyua kichwa.

"Nilijua ni teja," akasema. "Sikujua ni teja gani." Akamaliza kuvaa. "Beseni kwa nini uliliacha?"

Sikuwa na jibu.

Alinieleza kwa sauti ya chini, kama anasoma hesabu. Bila baiskeli alikuwa akifika Deep Sea samaki wazuri wameshachukuliwa. Wateja wake wa Chumbageni walipata mtu mwingine. Mtoto wake wa kike alisimama shule muhula mmoja. Kisha akataja bei: laki moja na themanini elfu, na sio kwa mkupuo, maana ukinilipa kwa mkupuo utakuwa umeiba kwingine. Elfu tano kila Ijumaa. Ijumaa thelathini na sita.

Nilimuuliza kama amenisamehe.

"Ukimaliza tutaongea."

Nililipa kwa kupasua kuni, kwa kufua mazulia, kwa kushusha mbao. Ijumaa mbili nilikosa, akaziandika. Ya thelathini na sita alizihesabu noti mbele yangu, akazikunja, akasema, "Baiskeli nimekusamehe." Nikasubiri kidogo. Hakuongeza neno, na mimi sikumwomba.

Mwezi uliopita mzee sukari ilimpanda, akalazwa. Usiku mtoto wake alinigongea na ufunguo. Kipaza sauti nilikuwa nimekiwasha na kukizima mara mia, kukisemea sijawahi. Saa kumi na moja kasorobo nilikuwa nimesimama pale, mikono masikioni, koo kavu, nasubiri msikiti wa jirani uanze nisije nikawa nimekosea saa. Ukaanza. Nikaanza. Sauti yangu ni mbaya, ya mtu aliyeivutia moshi miaka kumi na miwili, na pale pa swala ni bora kuliko usingizi ilikatika ikabidi nirudie. Nilimfikiria aliyejikunja barazani kwa watu saa hiyo, maana yupo, hakosekani.

Nilipotoka kukaa kwenye kigoda changu, muuza samaki alikuwa anafika. Baiskeli mpya, beseni limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Akaiegemeza ukutani, akapitisha mnyororo kwenye gurudumu na kwenye nondo za dirisha, akatia kufuli. Akalitikisa. Akanitazama, akalitikisa tena.

"Leo ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

Akavua makubadhi, akayaacha mlangoni, akaingia ndani.